Pencheni ipo, nani atabisha hodi?

Wiki mbili zilizopita grupu letu la wasap la familia liliwaka moto kwa ajili ya shangazi yetu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Ana miaka 78, anakaa peke yake kwenye kiambo cha kwao tangu mumewe afariki, watoto wake wawili wako Muscat na mmoja yuko hapa mjini Mwanakwerekwe, nyumba ya vyumba viwili na watoto watano ndani. Usiku alitoka kwenda chooni, choo kiko uani, akateleza. Hakuvunjika alhamdulillah, lakini hakuweza kuinuka, akakaa pale pale chini mpaka alfajiri jirani mmoja anakwenda msikitini akasikia mtu anaita. Asubuhi yake nusu ya grupu wanasema aletwe mjini leo leo, nusu wanasema mwacheni kwake atafutiwe mtu, na yule mwanawe mkubwa wa Muscat akaandika, "Mimi kila mwezi natuma, na pencheni anapata, sasa anakosa nini?"

Hili swali silichukulii kama la mtu asiyejali, maana huyu ndugu yetu kweli anatuma na hajawahi kukosa mwezi. Ila nimekaa nalo siku zote hizi kwa sababu naona ndivyo tunavyofikiri wengi, na serikali pia kwa kiasi chake.

Pesa kwanza, maana si kitu cha kudharau hata kidogo. Pencheni jamii ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, haulizwi alikuwa karani au mvuvi, na inalipwa na SMZ yenyewe, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, si mfadhili, na baadaye ikapandishwa ikawa 50,000. Shangazi hajawahi kuajiriwa maisha yake yote, alilima mwani toka kilimo chenyewe kinaanza huku kusini mwishoni mwa miaka ya 80, mgongo wake umeharibikia kwenye maji, na leo hiyo pencheni anaiita mshahara wangu. Nimeona kwa macho yangu ilivyombadilisha, zamani akiomba sukari kwa jirani anaanza kwa kuzunguka maneno robo saa, siku hizi watu wanakwenda kukopa kwake. Mtu akikwambia ingekuwa bora hizo pesa zikatwe zilipie huduma, mimi simuungi mkono, mzee akiwa na chake mkononi hata wajukuu wanamsalimia vingine.

Lakini njoo ndani ya ile nyumba uone. Maji ya bomba yanatoka usiku, na yakitoka ni ya kuwahi, sasa mtu wa miaka 78 anainua vipi ndoo ya lita 20 kutoka bombani mpaka kwenye pipa? Vidonge vyake vya presha na sukari anavifunga fundo kwenye ncha ya kanga, hasomi maandishi ya kwenye pakiti, anavijua kwa rangi. Mwaka jana alipewa vya kampuni nyengine, cha presha kilichokuwa cha pinki kikaja cheupe sawasawa na kile cha sukari, akawa anameza viwili vya aina moja na ile nyengine hamezi kabisa, karibu wiki tatu, mpaka siku nilipokwenda mimi nikakuta pakiti moja imeisha na moja haijaguswa. Hapo pesa ilikuwepo, dawa ilikuwepo, ila hakukuwa na mtu wa kukaa naye dakika kumi akamuonesha kipi ni kipi.

Sasa wale wanaosema aletwe mjini nao wana hoja nzito, tena ya dini na ya mila. Tumeamrishwa wazazi tusiwaambie hata "uff", na mtu mzima aliyezaa na kulea kuachwa peke yake mpaka analala uani ni aibu ya ukoo mzima, hilo halina mjadala. Na wanauliza, tukianza kuzowea kwamba kuna mtu wa shehia, yaani wa serikali ya mtaa, au wa serikali kuu wa kumuangalia mama, si ndio watoto watapata pa kuegemea? Nimewasikia watu wazima wakisema hivyo kwa uchungu kweli, kwamba leo utaletewa mtu wa kumtilia maji, kesho hata kumzika utamuachia sheha.

Naiheshimu hofu hiyo. Tatizo ni kwamba tulishajaribu kumleta mjini. Alipotolewa mtoto wa jicho alikaa Mwanakwerekwe miezi mitatu. Asubuhi wote wanatoka, wa kazini kazini, wa skuli skuli, geti linafungwa kwa nje kwa usalama wake, anabaki na tivii mpaka saa kumi. Kule kwake akikaa barazani mpaka adhuhuri keshaamkiwa na watu thalathini, anajua nani kazaa, nani kagombana, nani kaoa, hapa mjini hata jina la jirani hakulijua. Alikuwa anaomba ruhusa kuingia jikoni. Na wenyeji wake hawakumfanyia ubaya wowote, walimpenda na wakamtunza, ila alikuwa mgeni kwa miezi mitatu na mwili wake ulijua, aliondoka dhaifu kuliko alivyokuja. Huko kwao ndiko kwenye makaburi ya wazee wake, ndiko Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi, ukifika Julai nyumba inajaa mpaka watu wanalala kwenye mikeka uani, yeye ndiye mwenye nyumba, yeye ndiye anayegawa vyumba. Shida ni kwamba siku ya pili yake gari zote zinarudi mjini.

Na tusisahau kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo kwa wale wasio na mtu kabisa, zimewasitiri watu wengi, lakini shangazi anao watu, wako mbali tu au hawana nafasi. Wazee wa namna yake kwa nnavyoona ndio wengi, wako katikati, si yatima wa kupelekwa makaoni na si wenye watoto chumba cha pili.

Kuna upande mwengine tena unaotia hofu juu ya huduma hizi, na huu nimeupata kwa ndugu yangu mtoto wa mama mdogo anayefanya kazi Leicester ya kwenda majumbani kwa wazee. Anasema anaingia nyumba ya watu, anabonyeza kwenye simu kwamba kafika, anampa dawa, anampashia chakula, anambadilisha, anabonyeza tena anatoka, na ziara nyengine ni za dakika 15. Kuna bibi mmoja kila siku anamuomba akae anywe naye chai na hawezi, ana nyumba nyengine inamsubiri. Kwa hiyo anayesema tukiiga mambo ya Uingereza tutaingiza na upweke wao hasemi uongo. Ila nilipomuuliza huyo ndugu yangu kama ziara zisingekuwepo ingekuwaje, akasema wengi wao wangekuwa hospitali au wangekuwa wameshakufa. Dakika 15 ni chache, lakini bora hizo kuliko kukaa chini uani mpaka alfajiri.

Hoja inayonipa tabu kweli mimi ni ya sitara. Mwanamke wa Makunduchi wa umri ule hakubali mtu asiyemjua amuogeshe, aingie chumbani mwake, ajue pencheni yake anaiweka wapi. Hapa huwezi kumletea mtu kutoka mjini na kitambulisho shingoni ukasema umemaliza. Inabidi awe mwanamke, wa hapo hapo, anayejulikana ni mtoto wa nani, na shangazi mwenyewe aseme huyu namtaka. Kwa mzee wa kiume vilevile awepo mwanamme, ijapokuwa wanaume kazi hizi wanazikimbia, na wazee wa kiume waliofiliwa ndio mara nyingi hali zao mbaya zaidi maana hata kupika hawakuwahi kujifunza.

Mtu wa kusema "si majirani wapo?" nakubali wapo, na bila wao shangazi angekuwa keshatutoka. Binti wa nyumba ya pili akitoka chuo cha Kurani jioni alikuwa anamtekea maji, anapewa mia tano yake, raha kabisa. Mwaka huu kafaulu kaenda dakhalia, skuli ya bweni. Hakuna aliyekosea hapo, mtoto wa watu asome, ila maji ya shangazi yamekatika siku ile ile. Wema wa jirani hauna zamu, hauna wa kushika nafasi ukiondoka.

Kinachoniuma ni kwamba watu wa kupita nyumba kwa nyumba tayari tunao. Ule mpango wa Jamii ni Afya una wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 Unguja na Pemba, wana simu yenye apu, wanatembelea wajawazito na watoto wadogo. Yule wa mtaa wa shangazi ni dada mmoja mcheshi, anakwenda nyumba ya jirani yenye kichanga, anapita mbele ya baraza, "shikamoo bibi", "marahaba mwanangu", anaendelea. Kazi aliyopewa ni ya mama na mtoto. Mbona asipangiwe huyu bibi pia, amuangalie vidonge, amuulize kama jana kala, atoe taarifa kituoni?

Jibu la haraka nalijua, dada mwenyewe kalemewa na anachopata ni kidogo, na ni kweli, kumuongezea wazee kumi bila kumuongezea malipo itakuwa dhulma. Kenya wahamasishaji wao wa afya ya jamii toka 2023 wanapewa posho ya shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, Tanzania Bara walizindua Januari 2024 mpango wa kufikisha wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, kwa hiyo wazo la kuwalipa watu hawa si ndoto. Gharama ndiyo ya kutazama kwa makini. Pencheni peke yake kwa kila wazee 20,000 ni bilioni moja kwa mwezi, huwezi kuweka mhudumu juu yake kwa kila mmoja, wala haihitajiki, wapo wa miaka 75 wanaokwenda shamba na kurudi na mzigo wa kuni kichwani. Wachaguliwe wanaokaa peke yao na hawawezi kujitekea maji. Najua ukishasema "wachaguliwe" umefungua mlango wa upendeleo, huyu ni wa ukoo wa sheha, huyu alipiga kura kule, na uzuri wa pencheni ni kwamba hauchagui, umri tu. Mimi bado nachagua hivyo, kwa sababu uwezo wa kuinua ndoo unaonekana kwa macho, si kama umasikini wa kujieleza.

Kwenye familia yetu tumekubaliana abaki kwake. Yule wa Muscat kalipia choo cha ndani, fundi kaanza, na tunachanga tuko saba kumlipa mama mmoja wa pale pale, mtu mzima kidogo, shangazi kamchagua mwenyewe, sh 70,000 kwa mwezi asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza huu wawili bado hawajatoa.

Jumamosi nilikwenda kumtazama. Nyumba ya tatu kutoka kwake anakaa mzee mmoja wa kiume, mkewe alifariki mwaka juzi, hana mtoto. Nilimkuta anateka maji kwa kopo, anakwenda nalo mpaka mlangoni, anamimina, anarudi, kopo moja moja. Nikamjazia pipa lake, akaniombea dua ndefu, kisha akaniuliza nitakuja tena lini.