Bia ya krafti ionjwe kwa ulimi wa busaa

Ukiketi katika baa za Kisumu, Kakamega au Busia, mhudumu atakuuliza kabla hajageuka: "Baridi ama moto?" Yaani ya friji ama ya rafu. Nimewasikia watu wa Nairobi wakilicheka swali hilo, na huwa linaniuma, kwa sababu sijui swali la maana zaidi ambalo mtu anaweza kuulizwa kuhusu bia. Baridi kali huua harufu. Ulimi wenyewe unajua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama, basi. Mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Bia iliyokaribia kuganda inaburudisha koo, lakini haina la kumwambia mwonjaji.

Nalisema hili kwa sababu bia za krafti, yaani zile za viwanda vidogo, zimeanza kutufikia huku magharibi. Nairobi ina watengenezaji wadogo kama 254 Brewing Company na Bateleur, na mtu akisafiri kwenda huko hakosi kutumwa chupa mbili tatu. Zikitajwa mbele ya wafanyabiashara wa hapa, jibu huwa lile lile: mteja wa Nyanza na wa Uluhyani hajawa tayari, amezoea laga, hizi ladha ngeni zitamshinda. Napinga kabisa. Laga ililetwa juzi. Ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianza kiwanda chao Nairobi mwaka 1922. Mwaka uliofuata George akauawa na ndovu, na bia yao ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, kwa ajili yake. Kabla ya hapo, na tangu hapo pia, watu wa huku wamekuwa wakinywa bia chachu, nzito, isiyochujwa ikang'aa, yenye harufu ya nafaka iliyokaangwa: busaa. Ulimi uliolelewa na busaa uko tayari kuliko ulimi mwingine wowote nchini.

Tazama inavyopikwa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukawa donge gumu, ukafunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Donge hilo humegwa na kukaangwa juu ya bati pana, kuni chini, mtu amesimama na mwiko anageuza bila kupumzika, mpaka liwe chembechembe za rangi ya hudhurungi. Huo ndio mkarango. Ukianikwa ukakauka unaweza kukaa. Pembeni, mbegu za wimbi zimelowekwa, zimeota, zimekaushwa juani na kusagwa: hicho ni kimea, na ndani yake mna vimeng'enya vya kuugeuza wanga kuwa sukari. Mkarango na kimea hukutana majini, hamira na bakteria wa uchachu wakafanya kazi kwa pamoja, na baada ya siku mbili hadi nne pombe huchujwa, ikanywewa ingali hai, inachemka mdomoni.

Kila hatua hapo ina ndugu yake katika bia za krafti. Kukaanga mkarango ni kazi ile ile ya kukaanga shayiri kwa ajili ya bia nyeusi: moto unatoa harufu ya mkate ulioungua kidogo, ya kahawa, ya njugu. Uchachu wa busaa ni wa bakteria wa jamii ile ile wanaochachusha Berliner Weisse, bia chachu ya ngano ya Ujerumani. Ubelgiji wana lambic, bia ya ngano na shayiri inayoachwa wazi usiku ipokee hamira ya hewani, na watu hufunga safari kwenda kuionja. Mtu aliyezoea busaa akipewa lambic hataikunjia uso. Ataiuliza ina siku ngapi.

Nina shangazi aliyepika busaa kwa miaka mingi huko Kakamega, na sijakutana na mwonjaji anayemfikia. Nilimpelekea chupa nikazifungua moja moja, kila moja kwenye glasi yake, kiasi cha robo glasi. Hakuanza kwa kunywa. Alifunika glasi kwa kiganja, akaitikisa, akafunua na kuingiza pua. Ya kwanza, laga ya rangi ya dhahabu, aliirudisha mezani papo hapo. "Hii ina samli," akasema. "Waliitoa kabla haijamaliza." Nikanusa upya, nayo ilikuwa samli kweli. Wataalamu wa bia wana jina la kemikali hiyo, diasetili. Hamira huitoa mapema wakati wa kuchachuka, kisha huirudia na kuimaliza yenyewe ikiachiwa muda. Mtengenezaji mwenye haraka humuuzia mteja samli. Shangazi hajawahi kusikia neno diasetili, na utambuzi wake haukuhitaji sekunde kumi.

Ndiyo maana naona kasoro za bia zisemwe kwa maneno tuliyo nayo. Samli ni haraka ya mtengenezaji. Karatasi iliyolowa maji ni hewa iliyoingia chupani, au bia iliyozeeka. Mahindi ya kuchemsha au kabichi ni kimea ambacho hakikuchemshwa vya kutosha. Chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyoachwa juani hutoa uvundo mkali wa kicheche, kwa sababu mwanga huvunja uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Chupa ya hudhurungi huukinga. Mtu akiyajua haya manne haibiwi tena.

Sasa aina zenyewe, kama ninavyoziona mimi.

Pilsna, laga ya rangi ya dhahabu, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, na watengenezaji wadogo wengi huuanguka. Josef Groll alipika ya kwanza mjini Plzeň mwaka 1842 kwa kimea cheupe, maji laini na hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi, na tangu hapo bia ya namna hiyo haijaacha pa kuficha kosa. Haina ukaango wa kufunika, haina uchachu, haina manukato. Laga inataka wiki kadhaa za kukaa kwenye ubaridi, na kiwanda kidogo chenye mapipa machache kinaona kila wiki ni hasara. Nikipata pilsna ya krafti iliyo safi, yenye uchungu mfupi unaokatika vizuri, namheshimu aliyeitengeneza kuliko yule aliyetia maembe.

Bia ya ngano ya mtindo wa Bavaria ndiyo ningempa mtu wa Kisumu kwanza. Angalau nusu ya kimea chake ni ngano, ina ukungu, povu lake ni zito, na inanukia ndizi mbivu na karafuu ingawa hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Hamira ndiyo inayozitoa. Joto la huku linaitaka. Na inywe pamoja na samaki. Pale Dunga, ufukweni Kisumu, ukiletewa ngege aliyekaangwa akakauka, ngozi inavunjika, pembeni kachumbari na ugali, bia ya ngano hukaa na ule mnofu bila kuufunika, nayo laga ya kawaida hupita tu kama maji. Bia chachu ndiyo kali zaidi hapo: inafanya kazi ya ndimu. Kwa omena sitaki kitu kingine.

Stauti, ile bia nyeusi, inywe moto, ya rafu, na hapo wazee wa huku walikuwa mbele ya vitabu. Guinness Foreign Extra inayouzwa kwetu ina kileo cha asilimia 6.5, na shayiri yake iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi haifunguki kwenye barafu. Ukiinywa baridi unapata uchungu na weusi. Ikiachwa ifike joto la chumba, kahawa inatoka, kisha chokoleti, kisha kitu kama sukari guru iliyoungua. Nyama choma ya mbuzi yenye mafuta ndiyo mwenzake. Jioni za Nakuru zina ubaridi wa kutosha, na chupa ya rafuni huko tayari iko pale inapotakiwa.

Na IPA, yaani India Pale Ale, bia chungu yenye hopsi nyingi. Hii ndiyo bia ambayo dunia ya krafti imeifanya bendera yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wenzangu. Sina ugomvi na uchungu. Watu wanaokula osuga na mitoo, mboga chungu za huku, hawafundishwi uchungu na mtu. Tatizo ni umbali. Uzuri wa IPA uko kwenye manukato ya hopsi, na hopsi ni mmea unaotaka mchana mrefu wa kiangazi kama ule wa Hallertau Ujerumani au Yakima Marekani, mchana ambao sisi wa ikweta hatuna. Kwa hiyo huagizwa, hukaushwa na kusagwa kuwa vidonge. Kisha bia ikishapikwa manukato yanaanza kufa, na joto huharakisha kifo hicho. IPA iliyokaa dukani miezi, kisha ikapanda basi usiku kucha, ikalala stoo yenye mabati, inafika Kisumu imebaki uchungu mtupu na ladha ya karatasi. Nilinunua moja namna hiyo kwa bei ya laga tatu, na lebo yake haikuwa na tarehe ya kupikwa, ni ya mwisho wa matumizi tu. Hiyo siyo haki kwa mnunuzi. Mtu anapolipa bei ya krafti ana haki ya kujua bia ilizaliwa lini.

Basi kwa nini tuvumilie hopsi zilizochoka ilhali nafaka yenye harufu iko mlangoni? Mtama tayari umethibitisha. Bia ya Senator Keg ilianza kuuzwa mwaka 2004, baadaye mtama wa wakulima wetu ukaingia ndani yake, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa upya kuitengeneza. Ilikusudiwa iwe nafuu ili watu waache pombe za hatari, na kwa lengo hilo naiheshimu. Ila haikutengenezwa ili mtu akae nayo akiinusa. Nafasi hiyo bado iko wazi, nayo ni ya mtengenezaji mdogo.

Hata hesabu ya kodi inamwelekeza huko. Marekebisho ya sheria ya kodi ya Desemba 2024 yaliweka ushuru wa bia kwa kipimo cha kileo kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi, na shilingi 10 kwa mtengenezaji mdogo anayejitegemea. IPA ya asilimia 7 katika chupa ya nusu lita ina sentilita 3.5, kwa hiyo mtengenezaji mdogo anatoa shilingi 35. Bia chachu ya asilimia 3, nguvu ya busaa ya kawaida, ina sentilita 1.5, na ushuru wake ni shilingi 15. Haitaki hopsi za kuagizwa kwa dola. Haitaki wiki sita kwenye ubaridi. Nimezungusha hesabu hii kichwani mara nyingi na bado sielewi kwa nini kila anayeanza kiwanda anaanza na IPA.

Kuna watakaosema busaa ni ya vilabuni, kwamba ikiwekwa chupani itapoteza watu waliozunguka chungu na mirija mirefu. Nawaelewa. Mrija una adabu zake, na kikao kile hakiuziki dukani. Lakini wapo maelfu wanaoipenda ladha hiyo na hawana pa kuipata kwa usafi, au wanaona haya kuonekana wakiitafuta kwa sababu miaka mingi imetajwa pamoja na chang'aa na msako wa polisi, ingawa busaa haikenekwi wala haina nguvu ile. Wanawake walioipika wamelipa faini, wamemwagiwa mitungi, na ufundi wao haujaandikwa popote kwa jina lao. Mtengenezaji atakayeitaka ladha hii aanze kwao, awalipe kama washauri, aandike kwenye lebo kijiji ulikotoka mkarango.

Ninachotaka kununua ni hiki: nusu ya kimea kiwe cha wimbi, mkarango ukaangwe kwa kuni na si kwenye oveni, uchachu uwe wa kukaza shavu bila kukunja uso, kileo kisizidi asilimia 4, hopsi kidogo sana au isiwepo. Chupa ya hudhurungi, ya nusu lita, tarehe ya kupikwa imeandikwa mbele. Isichujwe. Iuzwe Kisumu, Mbale na Bungoma kabla haijapelekwa Nairobi, na chupa ya kwanza aionje shangazi yangu.