Tope la Missouri na mabwawa yanayolizuia

Mto Missouri, wenye urefu wa takriban kilomita 3,767, huanzia Three Forks katika jimbo la Montana, Marekani, inapokutana mito ya Jefferson, Madison na Gallatin, kisha hukatiza nyanda za nyasi za Dakota na kupita kando ya Nebraska hadi kuingia Mississippi karibu na St. Louis. Njiani huchukua udongo mwepesi wa nyanda hizo, ndiyo maana maji yake yalijulikana tangu zamani kwa ukahawia wake.

Bwawa la Fort Peck lilijengwa katika miaka ya 1930, na baada ya sheria ya kudhibiti mafuriko ya mwaka 1944 yakafuata mengine matano. Wanaoyatetea wana hoja nzito: yanapunguza makali ya mafuriko kwa miji kama Omaha na Kansas City, yanazalisha umeme, na yanahifadhi maji kwa ajili ya miaka ya ukame. Ni haki pia kukumbuka waliolipa gharama: bwawa la Garrison, mojawapo ya hayo matano, lilizamisha mashamba mazuri ya bondeni ya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Gharama nyingine inaendelea kulipwa polepole, nayo naiona kubwa kuliko inavyosemwa. Maji yakitulia bwawani, tope hutua chini. Katika Gavins Point, bwawa la mwisho upande wa chini, mchanga unaoletwa na mto Niobrara umekwisha kula zaidi ya robo ya ujazo wa ziwa, na maji ya ardhini yalipanda kiasi kwamba mji wa Niobrara ulihamishwa katika miaka ya 1970. Upande wa chini wa bwawa, maji yaliyokosa mzigo wake wa tope huchimba sakafu ya mto, na mafungu ya mchanga wanakotagia ndege hayajengeki tena kama zamani. Samaki aina ya sturjoni mpauko, aliyezoea maji yenye tope, aliorodheshwa mwaka 1990 kuwa hatarini kutoweka. Mbali zaidi, delta ya mto Mississippi huko Louisiana imepungukiwa udongo unaoijenga.

Wahandisi wanajibu kwamba kuchimba tope na kulisafirisha ni ghali mno, na kwamba kulisukuma kwa maji mengi kunaweza kuwaathiri watumiaji wa upande wa chini. Ni kweli. Hata hivyo, kubomoa mabwawa hakuhitajiki ili tope lipite. Kinachohitajika ni kulitafutia njia sasa, wakati ziwa lingali na nafasi, kwa kuwa kila mwaka Niobrara unasogeza delta yake karibu zaidi na ukuta.