Mwandishi, ingia na jikoni

Nimesoma makala yako kuhusu matatizo ya nchi zinazoendelea; imeeleza elimu, afya na mazingira kila moja kivyake, ilhali katika nchi hizo mzigo wote huo humwangukia mtoto mmoja. Msitu wa karibu ukiisha, binti ndiye anayetumwa mbali zaidi kutafuta kuni, na kengele ya shule inalia yeye bado yuko njiani. Jioni anasoma kando ya mafiga, macho yanamwasha, mdogo wake mgongoni anakohoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Inauma sana! Naomba wanaopanga bajeti za shule waikumbuke nishati safi ya kupikia.