Dalali, Mbalamwezi na Uhuru wa Kusema

Mbalamwezi ikishika, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu. Mzigo hupungua Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, bei inapanda, na lawama zinamwangukia dalali: "Hawa ndio wanaotunyonya." Je, mtu aachwe aseme hivyo, ilhali bei imepandishwa na mwezi?

Aachwe. Madalali wapo wanaopunja kweli, na ukizuia tuhuma ya uongo umeizuia na ya kweli, maana kabla ya kujibiwa zote mbili hufanana. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa maoni, na ya 30 inauwekea mipaka. Ugomvi wote uko kwenye mipaka hiyo.

Mwaka 1859 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alitoa mfano unaokaribia kabisa huu wetu. Kuandika gazetini kwamba wauza nafaka wanawaua maskini kwa njaa, alisema, kusiguswe. Kuwaambia hayohayo watu wenye hasira waliokusanyika mlangoni kwa muuza nafaka kunastahili adhabu. Maneno ni yaleyale, hatari imetokana na mahali na wakati.

Wanaotaka udhibiti hujibu kwamba simu imefuta tofauti ya gazeti na mlango. Wana haki kwa kiasi. Ujumbe wa sauti ukirushwa kwenye magrupu ya wachuuzi alfajiri, mzigo unaposhushwa, unamkuta msikilizaji hatua chache tu kutoka kwa anayetajwa. Tangu 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe uliosambazwa mara nyingi upelekwe kwa mtu au grupu moja kwa wakati. Hiyo inapunguza kasi, lakini mwenye nia atanakili na kubandika.

Dawa yao ndiyo inayokosea shabaha. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinashughulikia taarifa za uongo. Sasa pima: "Madalali wamepandisha bei" inaweza kuwa uongo na isimdhuru mtu. "Fulani kaficha magunia kwenye stoo ile, twendeni sasa hivi" inaweza kuwa kweli tupu, na mtu akapigwa. Cha kutazama ni vitu vinne: jina, mahali, saa na wito wa kutenda. Vikikutana vyote, admini afute kwanza, mjadala baadaye. Kwa kiongozi wa umma jina peke yake lisihesabiwe kosa. Bila jina hawajibiki.

Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, na amani ilitajwa kuwa sababu. Naona hapo hesabu ilipinduliwa. Msemaji wa jukwaani kwenye uwanja wa Furahisha, Mwanza, anajulikana sura, na polisi hupewa taarifa saa 48 kabla. Ukimnyamazisha huyo, unabaki na wa kwenye simu ambaye hata sauti yake hujui ni ya nani.

Mill aliogopa zaidi adhabu ya jamii kuliko ya dola: kumnyima mtu njia ya kupata mkate, aliona, ni sawa na kumfunga. Mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, jambo hili halihitaji polisi. Kijana wa mtumbwi aliyebishana na tajiri wake, mwenye mtumbwi, juu ya chama cha siasa hafukuzwi. Giza likirudi, haitwi tu. Mchuuzi naye anaambiwa mkopo umeisha. Tajiri atasema mtumbwi ni wake na ana hiari ya kuchagua wa kufanya naye kazi, na hapo ni vigumu kumpinga, kwa kuwa kususia nako ni namna ya kutoa maoni. Ila tajiri mmoja akikataa, kijana ana mtumbwi wa jirani. Matajiri wa mwalo mzima wakipeana jina lake, hiari ya kila mmoja imegeuka kuwa amri ya wote, na kijana hana pa kwenda kukata rufaa.