Kontroli boksi ya kujiundia: faili la mipangilio la mtu wa pwani usilipakie huku juu

Ukipima sensa ya joto ya injini kwa maji yanayochemka ukiwa Mbeya mjini, kisha ukaandika nyuzi 100 kwenye programu, umeshaidanganya kompyuta kabla haijafungwa garini. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maelekezo mengi ya kuunda kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza mafuta na cheche za injini, yameandikwa na watu wanaoishi chini, na namba zao hazisemi hivyo. Kwa maoni yangu, kontroli boksi ya kujiundia inafaa Nyanda za Juu Kusini kuliko sehemu nyingi, ila kwa sharti moja: kila kipimo kichukuliwe hapa hapa.

Inafaa kwa sababu ya hewa. Pwani mgandamizo wake ni kilopaskali 101, Mbeya ni 82 hivi. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Dar ikifika huku inamwaga petroli kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi na injini inakosa pumzi. Ukibadilisha jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ili ikae vizuri Mbeya, teremka Kyela, ambako ni chini ya mita 600, uone inavyokosa mafuta. Kompyuta inaupima mgandamizo na kujirekebisha yenyewe. Nazungumzia injini za petroli kama 22R, 4Y au 5K. Mwenye Hilux ya dizeli ya 3L hana cha kufanya na vitu hivi.

Seti zinazojulikana zaidi ni mbili. MegaSquirt ilianzishwa na Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001. Speeduino ni ya Josh Stewart wa Australia, nayo inatumia bodi ya Arduino Mega 2560 kama ubongo. Watu hubishana ipi ina kasi zaidi, jambo ambalo kwa injini ya silinda nne halina uzito wowote. Uliza maswali mawili tu. La kwanza: injini inatoa ishara gani ya mzunguko wake? Distributa nyingi za Toyota za zamani zina sensa ya sumaku ya nyaya mbili, isiyohitaji umeme. MegaSquirt yenye bodi ya V3.0 ina sakiti ya kupokea ishara hiyo ndani yake, Speeduino ya kawaida inataka kadi ya ziada. La pili: ikiungua ukiwa Makambako, nani ataitengeneza? Hapo ndipo ninapopendelea bodi ambayo miguu ya vipuri inapita kwenye matundu, kama hiyo V3.0, badala ya ile iliyobandikwa vipuri vidogo kiwandani. Rezista, dayodi au regyuleta ya volti 5 fundi redio yeyote wa Mwanjelwa anaweza kuitoa na kuweka nyingine.

Kuunda si kazi ngumu, ila usijaze vipuri vyote kwa siku moja na kuomba Mungu iwake. Anza na sehemu ya umeme peke yake, iwashe kwa volti 12 kupitia fyuzi ya ampea 1, upime kama unapata volti 5 kamili. Usipozipata, simama hapo. Kisha sehemu ya mawasiliano na laptopu, halafu sakiti ya kupokea ishara, mwisho ndiyo transista za nozeli (zinazonyunyiza petroli) na koili (zinazotoa cheche). Waya wa kuunganishia bodi na laptopu usiwe wa bei ya kutupa: wenye chipu bandia mara nyingi hukataliwa na Windows, na utaishia kulaumu bodi isiyo na kosa.

Tumia risasi ya kulehemu ya milimita 0.8 yenye dawa ndani, ya 60/40. Ile asidi ya mafundi bati isiguse bodi, inakula shaba polepole na tatizo litatokea baada ya miezi. Na mwezi Juni au Julai, hasa Njombe, pasi ya kulehemu ya wati 25 haitoshi kwa maeneo mapana ya arthi. Risasi inaganda kabla haijashika vizuri, inabaki na rangi ya kijivu yenye chembechembe. Kiungo cha namna hiyo kinapita majaribio yote mezani, halafu barabara ya vumbi yenye mashimo inakifungua. Wati 60, ncha pana.

Ukiwasha boksi injini ikiwa imezimwa na sensa ya mgandamizo ikasoma 82, usiitoe ukidhani ni mbovu. Hiyo ndiyo hewa ya Mbeya. Ikisoma 101 ndipo ushituke. Sensa ya joto ipime kwa namba tatu: barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0, maji ya bomba unayoyapima kwa kipimajoto, na yanayochemka ni 94. Sensa nyingi za Toyota huwa na omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Iliyo mbali sana na hapo irudishe kwa muuza vipuri vya mtumba.

Jambo ambalo maelekezo ya pwani huligusa kwa mstari mmoja tu ni kwamba boksi kwa kawaida husoma hewa ya nje mara moja, pale unapofungua swichi. Ukiwasha Mbeya na kushuka hadi Kyela bila kuzima, au ukipanda mlima Kitonga kwa mkupuo mmoja, kompyuta inabaki na kipimo cha ulikotoka. Anayepanga mafuta kwa mgandamizo wa manifodi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini) atapata kosa dogo. Anayetegemea sensa ya throto (kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta) peke yake atakosa mafuta kwa zaidi ya asilimia 10 akifika Kyela, na pistoni hazipendi hilo. Dawa ni sensa ya pili ya hewa ya nje, inayosoma muda wote. Kwa safari za huku naiona ni ya lazima. Pia weka mipaka kwenye programu: juu kilopaskali 103, chini 70 kwa anayefika uwanda wa juu wa Kitulo. Bila mipaka, boksi likijizima na kujiwasha njiani kwa waya uliolegea linaweza kuuchukua mvuto wa manifodi kuwa ndiyo hewa ya nje.

Nozeli usinunue kubwa kwa sifa. Injini ya nguvu farasi 100 yenye nozeli nne inahitaji kama sentimita za ujazo 165 kwa dakika kila moja. Za 200 zinatosha, za 440 zitakunyima sailensa iliyotulia, yaani injini kuzunguka vizuri bila kukanyaga mafuta. Chukua zenye omu 12 hadi 16, na pampu ya umeme yenye mgandamizo wa bar 3 pamoja na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Pampu ya kabureta haifai.

Arthi zote za sensa zirudi kwenye boksi, na arthi za boksi ziende sehemu moja kwenye bloku ya injini, si kwenye bodi ya gari. Umeme wa boksi utoke kwenye waya unaobaki hai wakati wa kupiga stata. Ule wa redio hukatika, na injini haitawaka kamwe.

Kabla ya kugusa jedwali la mafuta, funga taimingi (wakati wa kutoa cheche) kwenye pembe ya nyuzi 10 ndani ya programu na uangalie puli kwa taa ya taimingi. Alama isipokaa kwenye 10, rekebisha pembe ya ishara mpaka ikae. Alama ikirukaruka, badilishanisha nafasi za zile nyaya mbili za sensa ya sumaku, maana mara nyingi zimefungwa kinyume.