Kiwanja Kipo, Njoo na Elfu Ishirini

Madalali wa Mwanza wameimaliza ardhi. Buswelu imekwisha, Kisesa imekwisha, Usagara wanauza mpaka njia za mbuzi. Sasa kijana mmoja wa kijiwe cha kahawa hapa Mabatini kanivuta shati mchana kweupe kunijulisha kwamba ana kiwanja Mwezini.

Mimi ni mtu mzima. Nilikuwa nimevaa koti. Mtu mwenye koti havutwivutwi barabarani kwa habari za Mwezi. Lakini mpangaji ni mpangaji. Akisikia neno kiwanja, miguu inasimama yenyewe hata kama kichwa kimeshakataa. Nikajikuta nauliza, tena kwa sauti ya mnunuzi: "Kimepimwa?"

"Kimepimwa, mzee wangu. Kwa satelaiti."

"Hati?"

"Hati inakuja kwenye simu, na mhuri wake." Akanieleza kwamba kuna Mmarekani, Dennis Hope, anauza maeneo huko juu tangu 1980, na watu wananunua. Huyo Mmarekani yupo kweli, hilo silibishi. Lakini mimi nimesoma kila gazeti lililowahi kufungia maandazi mji huu, sibabaishwi. Nikamwambia upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967, hakuna nchi inayoruhusiwa kujimilikisha Mwezi.

Hakutikisika. "Mkataba umesema nchi, mzee. Umesikia umetaja mtu?"

Kijana wa namna hii anakaa kijiweni halafu tunalalamika mawakili ni ghali.

"Majirani?"

"Hakuna."

Hapo alinigusa. Ninapokaa mimi choo ni kimoja, na mwenye nyumba anahesabu ndoo. Nikavuta stuli nikakaa.

"Barabara?"

"Kilomita 384,000 tu, mzee. Wale Wamarekani wa Apollo waliotua huko walitumia kama siku tatu. Hakuna tuta, hakuna trafiki."

"Maji?"

Basi hapo uso ukamng'aa. Akasema ncha ya kusini ndiyo mali, maana kuna mashimo ambayo jua halijawahi kuyafikia, na ndani yake kuna barafu. Wahindi walishusha chombo jirani na huko Agosti 2023, wakubwa wote wanakimbilia huko, "na wewe mzee wangu umekaa hapa unazubaa."

Naona aibu kusema, lakini hasira ilinipanda. Nazubaa? Mimi nikisimama mlangoni kwangu juu ya jiwe naliona ziwa. Ziwa Victoria, lote lile, limelala pale chini linang'aa, na bomba langu linakohoa hewa tangu Jumatatu! Dumu linapanda mlima huu kwa kichwa cha mtu. Haya, nikamuuliza, barafu ya kwenye shimo la gizani huko juu, nani ataichimba, nani ataiyeyusha, nani ataipandisha mpaka kwangu?

"Teknolojia."

"Na umeme?"

"Jua, mzee. La bure."

"Huko usiku mmoja ni wiki mbili za kwetu. Mchana joto linavuka nyuzi 100, usiku baridi inavuka 100 chini ya sifuri. Hizo wiki mbili nawasha koroboi?"

Akanywa kahawa kwanza. Akasema hilo tutalijadili kwenye bei.

Nikamwekea na vumbi. Vumbi la Mwezini halijawahi kusuguliwa na upepo wala maji, kwa hiyo lina makali. Mwanaanga Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwaka 1972, lilimziba pua ndani ya chombo chake. Mke wangu, Mama Neema, hawezi kuhamia mahali pa hivyo. Ataanza kufagia siku ya kwanza na hatamaliza.

Na nauli je? Tajiri mmoja Mmarekani, Dennis Tito, mwaka 2001 alilipa kama dola milioni 20 kwenda kwenye kituo kinachozunguka hapo juu tu, hata Mwezini hakufika. Chombo cha tajiri Jeff Bezos nacho kilikuwa kinakurusha na kukurudisha kwa dakika kama kumi. Dakika kumi, daladala ya Igoma bado inaita abiria! Usisahau na wale wanaanga wawili, Butch Wilmore na Suni Williams: Juni 2024 waliaga kwamba wanakwenda kwa siku kama nane, wakarudi Machi 2025. Mimi nikichelewa Ukerewe siku mbili kwa sababu ya upepo, wazee wa ukoo wanaitwa.

Kijana akafunga simu yake. "Basi mzee, elfu ishirini."

"Ya nini?"

"Ya kuonyeshwa kiwanja."

"Umenionyesha nini wewe?"

Akanyoosha kidole. Na kweli ulikuwepo, saa tisa alasiri, mweupe, umekaa juu ya kilima cha Bugando kana kwamba wamepanga.

"Amekuonyesha, mzee," akasema fundi viatu bila kuinua kichwa. Mama wa dagaa naye akasema ameona kwa macho yake, kidole kimenyooshwa, mzee ametazama. Kutazama ni kuonyeshwa. Nikapiga kelele, nakiri, mbele za watu: Mwezi huu nimeufungia na kuufungulia Ramadhani kabla baba yake kijana huyu hajaoa! Nilipie kutazama juu?

Wakashusha mpaka elfu kumi. Mwisho tukaelewana nimnunulie kahawa, yaishe.

Na hiyo kahawa yenyewe! Kashata siku hizi ni ndogo kama kifungo cha shati. Namuuliza muuza kahawa, ananiambia karanga zimepanda, sukari imepanda, mkaa umepanda. Na kikombe mbona kimeshuka? Ananijibu vile vikubwa mtoto amevunja. Nikampa noti ya elfu tano, akaigeuza, akaiangalia kwenye mwanga, akaitia mfukoni, akasema chenji hana, nipite kesho.