Sifuri kabla ya nukta

Mtafiti akirudishiwa muswada uliojaa masahihisho ya vistari na nukta, huona mhariri kakosa kazi ya kufanya. Maana si inaeleweka? Ana hoja. Majarida mengi siku hizi hupokea muswada wa kwanza kwa mpangilio wowote, na ukikataliwa hapa utapelekwa kwingine kwenye kanuni zao. Kupanga marejeo upya mara tatu ni ukarani mtupu.

Lakini itazame sifuri. Mwongozo wa uandishi wa AMA (Chama cha Madaktari cha Marekani), unaofuatwa na majarida mengi ya tiba, unataka thamani ya P, yaani kipimo cha uwezekano kwenye takwimu, iandikwe bila sifuri kabla ya nukta: P = .03. P haizidi 1, kwa hiyo sifuri hiyo haimwambii msomaji lolote. Majarida mengine yanataka 0.03. Kwenye dozi, AMA hao hao wanataka sifuri iwepo: 0.5 mg. Nukta ya .5 mg ikififia, msomaji anaona miligramu 5, dozi mara kumi. Sasa chukua muswada wa waandishi watano, kila mmoja na mazoea yake. Ukikuta .5 mg, ni mazoea ya mtu au kuna tarakimu imedondoka, pengine ilikuwa 2.5? Huna pa kushika. Katika muswada ulionyooshwa kwa mwongozo mmoja, pengo hilo linajitokeza lenyewe, nawe unamwuliza mwandishi mapema.

Kwenye kamusi, nakiri, sisi wahariri tunaoshikilia kanuni ndio tunaozidisha. Kamusi ya jumla huonyesha watu wanavyoandika; haina mamlaka juu ya kemia. IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, waliamua mwaka 1990 kuwa salfa kwa Kiingereza ni sulfur, kwa f, na Royal Society of Chemistry ya Uingereza ikafuata 1992. Mhariri anayerudisha ph (sulphur) kwa sababu kamusi yake ya Kiingereza cha Uingereza inaitanguliza anaharibu. Jeni nazo zina kamati yao ya majina: jeni SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel, programu ya majedwali, ilikuwa ikiigeuza tarehe. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo kingejuaje?

Kwa hiyo mimi huanza na maagizo ya jarida, kisha mamlaka ya fani, kisha mwongozo. Kamusi huamua vilivyobaki, hasa vistari. Kila uamuzi naunakili kwenye karatasi moja inayorudi kwa mwandishi pamoja na muswada, na mstari wa kwanza huwa ni ule wa sifuri.